Chungu Kimoja, Hojaji Nyingi: Uhakiki wa Vipimo vya Unywaji Pombe katika Tafiti za Kitaifa, Mpakani Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna tafiti za kitaifa za Kenya na Uganda zinavyopima mwelekeo wa unywaji pombe katika makundi mbalimbali ya watu. Uhakiki umejikita katika mpaka wa Busia na Tororo, ambako jamii zilezile zinaishi pande zote mbili na kuhojiwa kwa hojaji tofauti. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti zinazosomwa kama mabadiliko ya tabia hutokana na mabadiliko ya chombo cha kupimia: neno lililoulizwa, kipimo kilichodhaniwa, ukomo wa umri, eneo lililojumlishwa na sheria iliyokuwa ikitumika siku ya mahojiano. Makala inaonyesha kwamba hojaji zimejengwa juu ya chupa na glasi ya mtu mmoja, ilhali unywaji wa mpakani kwa kiasi kikubwa ni wa chungu cha watu wengi. Inapendekeza namna ya kuuliza ambayo Kiswahili na lugha jirani zinaweza kuibeba bila kupoteza ulinganifu wa kitaifa.

1.0 Utangulizi

Utafiti wa NACADA, mamlaka ya Kenya inayoshughulikia vita dhidi ya matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, ulieleza mwaka 2022 kwamba asilimia 11.8 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wanywaji wa pombe wa wakati huo. Utafiti wa taasisi hiyohiyo wa mwaka 2017 ulikuwa umetoa asilimia 12.2. Tarakimu hizo mbili zikiwekwa sambamba, msomaji huona upungufu mdogo na huenda akauita mwelekeo.

Hata hivyo, mwaka 2015 utafiti wa STEPS kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, uliofanywa Kenya kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, ulikuta wanywaji wa wakati huo kuwa asilimia 19.3 ya watu wa miaka 18 hadi 69. Tafiti zote hizo humhesabu mnywaji wa sasa kuwa mtu aliyekunywa katika siku 30 zilizopita. Kama tarakimu ya 2015 na ile ya 2017 zitachukuliwa kuwa vituo viwili katika safari moja, itabidi isemwe kwamba zaidi ya theluthi ya wanywaji wa Kenya waliacha pombe katika muda wa miaka miwili. Hakuna aliyeishuhudia toba ya namna hiyo. Tofauti ya umri inaeleza sehemu tu ya pengo: hata ikidhaniwa kwamba hakuna kijana yeyote wa miaka 15 hadi 17 anayekunywa, bado pengo kubwa hubaki. Kwa hiyo tofauti kati ya hojaji na hojaji katika nchi moja ni kubwa mara nyingi kuliko tofauti kati ya mwaka na mwaka ambayo wasomaji hualikwa kuizingatia.

Jambo hili si la wanatakwimu peke yao. Utafiti wa NACADA wa 2022 uliitaja kanda ya Magharibi, ambamo imo Kaunti ya Busia, kuwa na kiwango cha juu kuliko kanda zote: asilimia 23.8, yaani takribani mara mbili ya wastani wa taifa. Tarakimu kama hiyo haibaki kitabuni. Hutumika kuamua misako ifanyike wapi, leseni zibanwe wapi, na fedha za tiba zipelekwe kwa nani. Pia huingia vinywani mwa watu ikawa sifa ya kabila. Jamii inayopimwa vibaya huweza kuonewa kwa tarakimu iliyozidi, na huweza vilevile kunyimwa msaada kwa tarakimu iliyopungua. Mpakani Busia na Tororo hatari zote mbili zipo kwa pamoja.

2.0 Mpaka na tafiti zinazohakikiwa

Mpaka wa sasa una chimbuko lake katika uamuzi wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1902, ulioiondoa iliyokuwa Jimbo la Mashariki la Uganda na kuitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso wakajikuta pande mbili: wa Tororo wakabaki Uganda, na wale wa maeneo ambayo leo ni Teso Kaskazini na Teso Kusini wakawa Kenya. Wasamia nao waligawanyika. Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1997, nayo Busia ya Kenya ni kaunti na pia mji unaotazamana na mwenzake ng'ambo ya lango la forodha. Mtu wa Malaba anaweza kwenda matangani upande wa pili na kurudi siku hiyohiyo.

Tafiti zinazohakikiwa ni za aina tatu. Ya kwanza ni mfululizo wa NACADA nchini Kenya, hasa wa 2007, 2012, 2017 na 2022. Ya pili ni STEPS, uliofanywa Uganda mwaka 2014 na Kenya mwaka 2015. Ya tatu ni tafiti za demografia na afya, ambazo mwaka 2022 zilifanywa katika nchi zote mbili. Sifa ya tafiti hizi haipaswi kudharauliwa. Zinachagua kaya kwa bahati nasibu, zinafika vijijini, na zinamuuliza mtu mwenyewe badala ya kumsikiliza chifu au mhubiri. Kabla yake mjadala wa pombe Afrika Mashariki uliendeshwa kwa kukadiria mauzo na kwa hofu za watawala. Uhakiki huu unazichukua kwa uzito huo, na ndiyo maana unazidai zaidi.

Mfano mmoja unaonyesha hatari ya makadirio yasiyotokana na mahojiano. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2004 iliiweka Uganda juu ya mataifa yote kwa lita 19.47 za alkoholi halisi kwa kila mtu wa miaka 15 na zaidi. Ripoti ya 2018 ilitoa lita 9.5. Pombe ya kienyeji haipiti katika vitabu vya ushuru, hivyo sehemu kubwa ya hesabu hizo ni makisio ya kitu ambacho hakikuandikwa popote. Atakayesema kwamba Waganda walipunguza unywaji kwa nusu katika muda huo atakuwa amesoma badiliko la makisio kana kwamba ni badiliko la maisha.

3.0 Neno linaloulizwa

Hatua ya kwanza ya kipimo ni neno. Katika Kiswahili cha mpakani, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, *pombe* ina maana mbili. Kwa maana pana ni kila kileo. Kwa maana finyu ni kile cha kienyeji, na kinachotoka kiwandani kina jina lake: *bia*. Mwalimu anayekunywa chupa mbili kila Ijumaa aweza kujibu kwa moyo safi kwamba hanywi pombe, yeye hunywa bia. Kwa upande mwingine, mzee wa Amukura aweza kuiona *ajono*, pombe ya wimbi, kuwa jambo la ukarimu na lishe, na kulihifadhi neno pombe kwa ajili ya chang'aa. Wote wawili wameulizwa swali moja, nao wamejibu maswali mawili.

Athari yake kwa ulinganisho wa makundi ni ya moja kwa moja. Ikiwa maana finyu imeenea zaidi kwa wenye mshahara na elimu, basi swali lenye neno *pombe* peke yake litawapunguza wanywaji wa tabaka hilo na kuwaacha wakulima wakionekana kunywa zaidi. Tofauti ya kitabaka itakuwa imezalishwa na msamiati. Hojaji bora hujaribu kuliziba pengo hili kwa kutaja mifano: bia, divai, pombe kali, na kisha mifano ya kienyeji ambayo kila nchi hutakiwa kuijaza. Thamani yote ya swali hukaa katika nafasi hiyo ya kujazwa. Ikijazwa *chang'aa* na *busaa* kwa Kenya nzima, Mteso wa Kenya hataisikia *ajono*. Ikijazwa *waragi* na *tonto* kwa Uganda nzima, Mjopadhola wa Tororo atasikia majina ya watu wengine.

Kitenzi nacho kina mtego wake. *Kunywa* bila yambwa, katika mazungumzo ya kawaida, kumekuwa na maana ya tabia. Mtu akisema *fulani anakunywa*, hazungumzii maji wala chai, na mara nyingi hazungumzii tendo la jana. Anataja hulka, na pengine aibu. Swali *Je, wewe unakunywa?* humtaka mhojiwa ajihukumu kabla hajakumbuka. Mama anayepika busaa na kuionja kila alfajiri ili ajue kama imeiva atajibu kwamba hanywi, na kwa sarufi ya jamii yake hasemi uongo: yeye *anaonja*. Hali huwa nzito zaidi pale ripoti zinapomwita mnywaji *mtumiaji*, neno lilelile la bangi na heroini. Wanawake, ambao sifa yao huchunguzwa zaidi na majirani, ndio wenye sababu kubwa ya kulikwepa neno hilo. Kwa hiyo pengo linaloripotiwa kati ya wanaume na wanawake ni jumla ya pengo la unywaji na pengo la kukiri, na tafiti hazina njia ya kulitenganisha moja na jingine.

Ushahidi kwamba kukiri ni tatizo halisi umepatikana ndani ya eneo hili hili la Afrika. Tafiti za Mbarara, magharibi mwa Uganda, kuhusu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI zilipima katika damu kemikali inayojengeka pale tu mtu anapokunywa alkoholi. Miongoni mwa waliosema kwamba hawakunywa, walipatikana ambao damu yao ilieleza vingine. Wagonjwa wale walikuwa na sababu ya kumficha mhudumu wao, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa kaya za Tororo. Yanatosha hata hivyo kuonyesha kwamba jibu la mdomo ni tendo la kijamii kabla halijawa takwimu.

4.0 Kipimo: chupa, glasi na chungu

Baada ya kukubali kwamba amekunywa, mhojiwa huulizwa kiasi. Hapa hojaji huja na kipimo sanifu. STEPS humhesabia mtu vipimo vya gramu 10 za alkoholi halisi kwa msaada wa kadi zenye picha. Hojaji ya demografia na afya hurahisisha zaidi: kinywaji kimoja ni kopo au chupa moja ya bia, glasi moja ya divai, toti moja ya pombe kali, au kikombe kimoja cha kinywaji cha kienyeji kitakachotajwa.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kinachotokea. Chupa ya kawaida ya bia Afrika Mashariki ni mililita 500. Ikiwa na nguvu ya asilimia 5, ina takribani gramu 20 za alkoholi, yaani vipimo viwili vya STEPS. Mnywaji yuleyule wa chupa tatu ni mnywaji wa vipimo sita katika utafiti mmoja na wa vinywaji vitatu katika mwingine. Vipimo sita kwa kikao kimoja ndiyo mstari ambao STEPS humtia mtu katika kundi la unywaji wa kupindukia. Kwa hiyo mtu huyo ana tatizo katika ripoti ya kwanza na ni mtu wa kiasi katika ya pili.

Kwa vinywaji vya kienyeji pengo huongezeka. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Rebecca Papas na wenzake, uliofanywa Eldoret, ambao ulipima nguvu ya pombe za kienyeji zinazouzwa magharibi mwa Kenya. Busaa ilikuwa na wastani wa asilimia 4 hivi na chang'aa asilimia 34 hivi. Kwa nguvu hiyo, lita nzima ya busaa ina takribani vipimo vitatu vya gramu 10, wakati glasi moja ya chang'aa ya mililita 250 ina karibu vipimo saba. Hojaji inayosema *kikombe kimoja ni kinywaji kimoja* inawaweka wanywaji hawa wawili katika mstari mmoja. Aliyekunywa vikombe vitatu vya busaa ataonekana amemzidi aliyekunywa glasi mbili za chang'aa, ilhali hatari iko kwa huyu wa pili.

Papas na wenzake walipendekeza kwamba mnywaji aulizwe ametumia fedha kiasi gani badala ya kunywa kiasi gani, kwa kuwa ujazo wa vyombo hubadilika kutoka kilabu hadi kilabu na bei hukumbukwa vizuri zaidi. Pendekezo hilo ni la busara mahali ambapo pombe huuzwa kwa kikombe. Mpakani lina kikwazo. Mnywaji wa Busia aweza kulipa kwa shilingi ya Kenya leo na ya Uganda kesho, na bei za pande mbili hazilingani. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya ajono hainunuliwi na anayekunywa. Hutolewa matangani, katika mahari, na kwa waliokuja kupalilia shamba la jirani. Mtu aliyekunywa mchana kutwa aweza kuwa hakutoa hata senti.

Hapa ndipo chungu kinapovunja mantiki ya hojaji. Ajono hutengenezwa kwa wimbi lililochachushwa, likakaangwa, likaanikwa, kisha likachanganywa na kimea. Wakati wa kunywa hutiwa chunguni pamoja na maji ya moto, na wanywaji huketi kukizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu. Kiwango kikishuka huongezwa maji ya moto tena. Mnywaji hana chupa ya kuhesabu wala glasi ya kukumbuka. Nguvu ya kinywaji si ile ile saa tisa na saa mbili usiku, kwa sababu kila maji yanapoongezwa hupungua. Aliyeketi mapema amekunywa kilicho kikali na aliyechelewa amekunywa masalia. Mdadisi anapouliza *ulikunywa vinywaji vingapi?* mhojiwa hutoa tarakimu kwa adabu, na tarakimu hiyo huingia katika tarakilishi ikiwa na hadhi sawa na ya chupa tatu.

Ivan Karp, aliyewatafiti Wateso wa Kenya, alionyesha katika insha yake ya mwaka 1980 kwamba unywaji wa chungu ni mahali ambapo jamii hujifikiria yenyewe: ujirani na ukarimu, na pia shaka iliyopo kati ya watu wanaopaswa kupendana. Umuhimu wa insha hiyo kwa mjadala wa vipimo haujatumiwa ipasavyo. Kama kitengo cha unywaji ni kikao, basi kumuuliza mtu mmoja kiasi chake ni sawa na kumuuliza mwimbaji mmoja wa kwaya aliimba sehemu gani ya wimbo.

Haifai kuhitimisha kwamba vipimo hivi vinashindwa kwa sababu ni vya kigeni. Hojaji ya AUDIT yenye maswali kumi, inayotumiwa duniani kote kutambua unywaji wenye madhara, ilijengwa kwa takwimu za wagonjwa wa nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo. Tatizo ni kwamba kilichochukuliwa kutoka Kenya kilikuwa majibu ya mgonjwa mmoja mmoja kituoni, na mgonjwa akiwa kituoni ameachana na chungu chake.

5.0 Makundi: umri, eneo na makazi

Ulinganisho wa makundi hutegemea nani ameingizwa katika sampuli. Tafiti za demografia na afya za 2022 ziliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49 na wanaume wa miaka 15 hadi 54, kwa kuwa msingi wake ni uzazi. Kwa pombe ukomo huo una matokeo ya ajabu. Katika jamii ambamo haki ya kuketi chunguni huongezeka kadiri umri unavyosonga, mwanamke hutolewa katika takwimu akifika miaka 50, umri ambao wengi huwa wamemaliza kulea na kupata uhuru wa kuketi na wenzao. Mwanamume hutolewa akifika 55. Hojaji inabaki na vijana wa bia na viroba, na kuripoti kwamba unywaji ni tatizo la vijana. STEPS hufika miaka 69 na NACADA 65, lakini wa kwanza humwacha aliye chini ya miaka 18. Hakuna kati yao unaoliona kundi zima.

Eneo nalo huamua sura. Kenya huripoti kwa kaunti katika utafiti wa demografia, na kwa kanda katika ripoti ya NACADA. Asilimia 23.8 ni ya Magharibi nzima, na humo wamo Wateso wa chunguni pamoja na waumini wa Kanisa la Marafiki na Jeshi la Wokovu ambao makanisa yao hukataza pombe. Wastani wa makundi mawili yaliyo mbali hivyo haumwelezi yeyote. Uganda huigawa nchi katika kanda ndogo, na Tororo na Busia ziko Bukedi, wakati Wateso wa Soroti na Kumi wako katika kanda ya Teso. Anayetaka kumlinganisha Mteso wa Tororo na binamu yake wa Amagoro atalinganisha Bukedi na Kaunti ya Busia, yaani mchanganyiko na mchanganyiko.

Mwisho ni suala la makazi. Tafiti hizi ni za kaya. Dereva wa lori anayesubiri kuvuka Malaba na mchuuzi anayelala katika chumba cha kukodi kwa usiku mmoja hawamo katika orodha ya kaya zilizochaguliwa. Uchumi wa unywaji wa miji ya mpakani kwa kiasi kikubwa ni wao, na akina mama wanaowauzia wanahojiwa bila wao. Takwimu za mauzo nazo hazisaidii, kwa sababu chupa iliyolipiwa ushuru Uganda na kunywewa Kenya hubaki katika hesabu ya Uganda.

6.0 Sheria kama sehemu ya kipimo

Mwelekeo huhitaji swali lisilobadilika. Swali laweza kubaki lilelile kwa maneno na kubadilika kwa maana ikiwa sheria imebadilika. Kenya ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliifuta marufuku hiyo na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na viwango, huku ikipiga marufuku pombe ya vifuko vidogo. Mhojiwa wa 2007 aliyesema *nilikunywa chang'aa* alikuwa anakiri kugusa kosa la jinai mbele ya mtu aliyetumwa na serikali. Mhojiwa wa 2012 alikuwa anataja kinywaji ambacho sheria imekitambua. Badiliko lolote kati ya tafiti hizo mbili limebeba badiliko la hofu, na ripoti haiwezi kulipunguza.

Ng'ambo ya mpaka kalenda ni nyingine. Uganda iliweka unenguaji wa pombe kali chini ya leseni kwa sheria ya enguli ya mwaka 1965, na iliondoa waragi ya vifuko sokoni mwaka 2019, miaka miwili baada ya Tanzania kupiga marufuku viroba. Kwa takribani muongo mmoja, kifuko kilichokuwa haramu Busia ya Kenya kilikuwa halali hatua chache tu upande wa pili. Mhojiwa wa Kenya alikuwa na sababu ya kukisahau, na wa Uganda hakuwa nayo. Baadaye ulikuja UVIKO-19: baa za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa hadi Januari 2022. Utafiti wa Uganda wa mwaka huo ulikuta watu ambao kwa karibu miaka miwili walikuwa wamehamishia unywaji nyumbani na mafichoni. Kuulinganisha na utafiti wa kabla bila kulitaja hilo ni kupima kina cha mto bila kuuliza kama ni masika au kiangazi.

Uzito wa kisiasa wa vipimo hivi ulionekana katika Muswada wa Kudhibiti Vileo wa mwaka 2023, uliowasilishwa katika Bunge la Uganda na Sarah Opendi, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Wilaya ya Tororo. Miongoni mwa mambo mengine muswada ulitaka kubana saa za kuuza pombe. Bunge liliukataa mwaka 2024. Waliouunga mkono walikuwa na madhara ya kweli mbele yao, na waliuopinga walikuwa na riziki ya wauzaji na kodi ya serikali. Kilichokosekana kati yao ni takwimu inayoweza kusema saa za kuuza zinamgusa nani katika eneo ambalo mchana wa kunywa huanza kwenye chungu cha jirani na hauhitaji duka.

7.0 Mapendekezo

Uhakiki huu hauelekei kwenye kuzikataa tafiti za kitaifa. Unaelekea kwenye marekebisho manne ambayo hayavunji mfululizo uliopo.

Kwanza, kila ripoti ichapishe maneno kamili ya maswali katika kila lugha iliyotumika, pamoja na majina ya vinywaji yaliyojazwa katika nafasi ya mifano. Msomaji akijua kwamba *ajono* ilitajwa mwaka huu na haikutajwa mwaka uliopita, atajua namna ya kulisoma ongezeko.

Pili, swali la awali liulize tendo na kitu badala ya tabia. Badala ya *Je, unakunywa pombe?* iulizwe kwa kila kinywaji: *Katika siku saba zilizopita, ulionja au ulikunywa ajono? Busaa? Bia ya chupa? Chang'aa au waragi?* Kitenzi *kuonja* kikitangulia humfungulia mlango mpishi wa pombe na mwanamke mwenye heshima yake.

Tatu, iongezwe moduli fupi ya kikao kwa maeneo ya chungu: mtu aliketi mara ngapi kwa wiki, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, walikuwa watu wangapi, na maji yaliongezwa mara ngapi. Majibu hayo yanakumbukwa kwa urahisi kwa sababu ndivyo kikao chenyewe kinavyosimuliwa. Pamoja na upimaji wa nguvu ya ajono katika hatua mbalimbali za kikao, yanaweza kugeuzwa kuwa gramu bila kumlazimisha mhojiwa kubuni chupa.

Nne, taasisi za takwimu za nchi mbili zikubaliane kuhusu sampuli ndogo ya pamoja ya mpakani, yenye swali moja, umri mmoja usio na ukomo wa juu, na msimu mmoja. Msimu una uzito wake, kwa kuwa mwezi wa mavuno ya wimbi na mwezi wa njaa haviwezi kutoa siku 30 zinazofanana. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kimeonyesha kwamba nchi hizi zinaweza kukagua lori moja mara moja. Zinaweza pia kumuuliza mtu mmoja swali moja.

8.0 Hitimisho

Tafiti za kitaifa zimeonyesha kwamba Wakenya na Waganda wengi hawanywi kabisa, na kwamba madhara yamewaelemea wachache. Hilo ni jambo kubwa, na uhakiki huu haulipingi. Unachokipinga ni kusoma tofauti ya sehemu ndogo ya asilimia kama mwelekeo, na tofauti ya kanda kama tabia ya kabila, pale ambapo hojaji zenyewe zimetofautiana kwa asilimia nyingi zaidi. Mpakani Busia na Tororo udhaifu huo hauwezi kufichika, kwa kuwa mtu yuleyule, jamaa yuleyule na chungu kilekile hupata tarakimu mbili kutegemea upande wa mto ambao mdadisi alimkutia.

Gharama yake huwaangukia wasiohesabiwa vyema: bibi wa miaka 60 ambaye ini lake halimo katika sampuli, mpishi wa busaa ambaye kuonja kwake hakuna safu katika jedwali, na kijana wa chang'aa ambaye glasi yake imelinganishwa na kikombe cha busaa. Lugha ndiyo inayowaweka ndani au nje ya takwimu. Kwa sababu hiyo kazi ya kuunda maswali haipaswi kuwaachia wanatakwimu na watafsiri wa dakika za mwisho peke yao. Ni kazi ya wataalamu wa Kiswahili, Kiteso, Dhopadhola na Lusamia, nayo inatakiwa kuanza kabla sampuli haijachaguliwa.